Saa Arobaini

Cheti hakitoki mpaka ulipe deni la saa arobaini.
Si pesa. Saa za kukaa na watu na majani yao.
Ndivyo alivyotwambia Bi Umazi Dzombo
Jumamosi ya kwanza, kwenye darasa la kuazima kule Tudor,
madawati ya watoto yakitubana magoti.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa mizani Kilindini.
Nilipima chai, shaba, magadi.
Mchanga sikuupima; nilikuwa nikiukung'uta viatuni.
Sasa nafundishwa kuulowesha kiganjani,
kuuviringisha uwe uzi, kuupinda uzi uwe pete.
Wangu ulikatika kabla haujawa hata mdudu.
"Mzee Shekuwe," akasema, "hiyo ndiyo Mombasa.
Chini yetu ni matumbawe."
Akaudondoshea siki.
Mchanga ukatoa povu, ukasema sss,
kama kitunguu kilichoguswa na mafuta.

Nimejifunza, kwa uzee huu,
kwamba kidukari huzaa bila mume
(wanawake wote tisa wakageuka kunitazama);
kwamba njano ikianzia majani ya chini, mmea una njaa,
ikianzia juu, mishipa ikabaki kijani,
basi chakula kipo, mlango ndio uliofungwa.
Hili la mwisho niliandika daftarini
nikalipigia mstari, sijui kwa nini, mara mbili.

Meza yangu iko nyuma ya soko la Kongowea,
baada ya wauza viazi, kabla ya jaa.
Kibao kwa chaki: ULIZA MTAALAMU WA BUSTANI.
Mtaalamu! Mwanakombo, mke wangu, alicheka hadi akakaa chini.
Saa ya kwanza alikuja mbuzi, akala sampuli za mchicha.
Saa ya tatu kijana aliuliza bei ya meza.
Saa ya tano akaja Kache, kutoka Mishomoroni,
na jani la ndimu ndani ya mfuko wa unga.

Ndimu yake huishi kwenye ndoo ya rangi.
Imehama naye vyumba vitatu vya kupanga,
mara ya mwisho usiku, kichwani.
Ncha za jani zilikuwa zimeungua, kahawia, kama karatasi.
Nami, kwa kuwa kibao kilisema mtaalamu,
nikasema: "Tia jivu."

Wiki ya pili alirudi. Hakunitukana.
Aliweka majani mezani, moja, moja, moja,
makavu, yakilia kama maganda ya njugu.
"Jivu nilitia," akasema.

Nilifunga meza nikaenda naye.
Nilikinga kiganja penye kisima chao, nikaonja.
"Maji haya yana chumvi!"
"Sisi tumeyazoea," akasema Kache. "Hata chai twanywa hivyo."
Akaitazama ndoo.
"Yeye hakuzoea."

Masika yalikuwa mlangoni.
Tulipasua bomba la plastiki, tukalifunga kwa waya chini ya bati,
tukakinga mvua kwenye pipa,
tukaiosha ile ndoo mara tatu, mpaka chumvi ikatoka chini.
Majani yalipukutika yote.
Kikabaki kijiti na miiba yake.
Kache akakikwangua kwa ukucha:
ndani, kijani.

Nilimuuliza Bi Umazi: saa niliyokosea, naihesabu?
Alikuwa akipepeta mboji, hakuinua kichwa.
"Hiyo iandike kwanza," akasema.

Kadi yangu ilijaa mwezi uliopita.
Cheti kimo kwenye droo, pamoja na vitabu vya madawa ya presha.
Jumamosi bado naibeba meza.

Leo Kache amekuja na jani.
Nimeligeuza juu, nimeligeuza chini,
nimeliinua juani nikitafuta ugonjwa.
"Halina kitu," nikasema.
"Najua," akasema, akavuta kiti akakaa,
na nyuma yake foleni ya mtu mmoja
na yule mbuzi.